Nyota Mkongwe na Mkabaji wa Pili

Kitu cha kwanza kumtoka nyota wa mpira wa kikapu anapozeeka si shabaha, wala si kuruka. Shabaha hukaa naye hata akiwa na mvi. Kinachoondoka kimyakimya ni uwezo wa kumfanya mkabaji wa pili, yule anayemkaba mwenzake, amwache mtu wake aje kumsaidia wa kwanza. Watazamaji hawalioni hilo kwa sababu macho yao yanaufuata mpira, na wachezaji wenzake hawalisemi kwa sababu wanamheshimu. Lakini timu nzima ilikuwa ikila kupitia huyo mkabaji wa pili, na akiacha kuja, njaa inaingia bila mtu kujua imetokea wapi.

Twende taratibu. Nyota wa miaka 26 anapopokea mpira ubavuni, nje kidogo ya mstari wa pointi tatu, anayemkaba anajua hawezi kumzuia peke yake. Wenzake nao wanajua. Kabla hata mpira haujadundwa, mkabaji wa upande wa pili ameshatumbukiza mguu kwenye eneo la sekunde tatu, lile lililo mbele ya kikapu, na yule mrefu wao amesogea hatua mbili kutoka kwa mtu wake. Nyota anapiga hatua ya kwanza, wa kwanza anapitwa, wa pili anakuja, na kule kona kuna mwenzake amesimama peke yake. Pasi moja, pointi tatu. Watu watasema jamaa ni mchoyo wa mpira, kumbe uchoyo wenyewe ndio unaozaa pasi.

Sasa mweke mtu yuleyule mahali palepale akiwa na miaka 36. Mikono ni ileile na ujanja umeongezeka. Ila hatua ya kwanza imepungua kidogo, kiasi ambacho huwezi kukiona kwenye luninga lakini anayemkaba anakihisi kifuani: hapitwi tena, anabaki bega kwa bega. Wenzake wanaligundua hilo ndani ya robo ya kwanza, nao wanabaki na watu wao. Mkongwe anadunda mara tano pale alipokuwa akidunda mara mbili. Anageuka, anadanganya kwa bega, anarudi nyuma na kutupa huku anaanguka, mkono wa mpinzani uko usoni, saa ya sekunde 24, muda wa timu kutupa mpira, imebakiza tano. Wachezaji wanne wa timu yake muda wote huo wamesimama kama wanaosubiri basi.

Na mpira unaingia. Si kila mara, lakini unaingia, na hapo ndipo tatizo linapojificha. Mtupo wa aina hiyo ukiingia mara nne kati ya kumi, ukumbi unapiga kelele mara nne. Hesabu inasema mashambulizi kumi yamezaa pointi 8. Msimu wa 2023-24 timu ya wastani ya NBA, ligi kuu ya Marekani, ilikuwa ikipata takribani pointi 115 kwa kila mashambulizi 100, yaani pointi 11 na ushei kwa kumi. Hata ukiondoa mashambulizi ya mbio, yale ya kabla ulinzi haujajipanga, ambayo hupandisha wastani huo, bado unapoteza pointi mbili au tatu kila mechi kwa kumwachia mzee acheze mmoja kwa mmoja mara kumi. Waswahili husema ng'ombe hazeeki maini. Sawa, lakini huyu wetu anachezea magoti.

Jinsi ya kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na haihitaji mashine. Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne. Kila mara mkongwe anapoanza kucheza mmoja kwa mmoja, weka alama. Safu ya kwanza: je, mkabaji wa pili aliacha mtu wake, hata kwa hatua mbili? Safu ya pili: alidunda mara ngapi kabla ya kutupa au kutoa? Ya tatu: saa ya shambulizi ilisoma ngapi mpira ulipotoka mkononi? Ya nne: pointi ngapi timu ilipata, awe amefunga yeye au mwingine. Fanya hivyo mechi tano, usifanye moja, maana mechi moja hudanganya pande zote mbili. Kipimo changu ni hiki: mkabaji wa pili akija mara sita au zaidi kati ya kumi, mwache nyota acheze mpira wake, na atakayelalamika alalamike. Akija mara tatu au pungufu, wakati wa kubadilisha umeshapita. Katikati ya hapo ndipo makocha hukosa usingizi.

Angalizo moja. Usipime kwa kile kipimo cha tofauti ya pointi timu inapokuwa naye uwanjani, angalau si kwa mechi chache. Mkongwe mara nyingi huanza pamoja na wachezaji bora wa timu na hukutana na wachezaji bora wa wapinzani; namba hiyo itakwambia zaidi juu ya wenzake kuliko juu yake. Na usipime kwa jumla ya pointi zake. Anayemaliza theluthi moja ya mashambulizi ya timu akiwa uwanjani, wakati mgao wa kawaida kwa watu watano ni asilimia 20, atafikisha pointi 20 hata kama anaizamisha timu.

Kobe Bryant ndiye mfano ambao kila mtu anao kichwani, na kila mtu anautumia vibaya. Mshipa wa kisigino ulimkatika Aprili 2013, akiwa na miaka 34, mwishoni mwa msimu aliokuwa bado akicheza kama kijana. Baada ya hapo timu yake, Lakers ya Los Angeles, ilimpa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 48.5, na timu yenye ukomo wa mishahara ikabaki na nafasi ndogo ya kumletea wasaidizi. Novemba 2014 akawa mchezaji aliyekosa mitupo mingi kuliko wote katika historia ya ligi. Mwezi uliofuata akampita Michael Jordan kwa jumla ya pointi. Rekodi hizo mbili ni pacha, na zinapaswa kusomwa pamoja. Msimu wake wa mwisho, 2015-16, alifunga asilimia 35.8 tu ya mitupo yake, na Lakers wakashinda mechi 17, wakapoteza 65.

Halafu ikaja Aprili 13, 2016. Pointi 60 dhidi ya Utah Jazz, mitupo 50, iliyoingia 22, na mitupo huru 10 kati ya 12. Wengine huutumia usiku ule kuthibitisha kwamba kipaji hakizeeki, wengine kuthibitisha kwamba alikuwa mbinafsi mpaka dakika ya mwisho. Fanya hesabu ya kawaida ya ufanisi: chukua mitupo 50, jumlisha 0.44 ya mitupo huru 12, zidisha jumla hiyo kwa mbili, kisha gawa pointi 60 kwa jibu. Unapata karibu asilimia 54. Kiwango cha kawaida kabisa, si muujiza na si aibu. Kilichokuwa cha ajabu ni kwamba mtu wa miaka 37 alivumilia dakika 42 za kubeba mzigo huo, ishirini na tatu kati ya pointi hizo akizipata robo ya nne. Isitoshe, mchezo wake wa mwisho kabisa wa mpira haukuwa mtupo. Ulikuwa pasi ndefu kwa Jordan Clarkson aliyekimbia mbele na kuzamisha mpira kikapuni. Jazz walikuwa wameshatolewa kwenye mbio za mtoano, Lakers hawakuwa na cha kupoteza. Usiku wa namna hiyo hauwezi kuwa mpango wa mchezo wa mechi 82.

Weka pembeni yake usiku mwingine, Desemba 4, 2025, Toronto. LeBron James wa Lakers alikuwa amefikisha walau pointi 10 katika mechi 1,297 mfululizo za msimu wa kawaida, tangu Januari 2007. Ubao unasoma 120 kwa 120, sekunde za mwisho, yeye ana pointi 8, mpira uko mikononi mwake. Mtupo mmoja ukiingia, timu inashinda na rekodi inaendelea. Wakabaji wakamjia. Akatoa pasi kona kwa Rui Hachimura, pointi tatu, 123 kwa 120, rekodi ikafa. Sifa nyingi zilizofuata zilihusu moyo wake wa kujitoa. Mimi naona zilipita kando. Alikuwa ameingiza mitupo 4 kati ya 17 usiku ule; pasi ilikuwa hesabu sahihi. Linalofaa kutazamwa ni kwamba akiwa karibu kufikisha miaka 41 mkabaji wa pili bado alikuja. Pasi hiyo haiwezekani kama haji.

Basi, swali la kocha haliko kwenye nani mchoyo na nani mwema. Liko kwenye hili: mkabaji wa pili asipokuja tena kwa hofu, utamfanyaje aje, au utampaje mkongwe mpira wakati ambapo mkabaji ameshahama mahali pake kwa sababu nyingine?

Jibu ni kumtoa kwenye mwanzo wa shambulizi na kumpeleka kwenye mwisho wake. Linaonekana dogo, lakini hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitalieleza kwa hatua.

Mchezesha timu kijana anaanza upande wa kulia na mtu mrefu anamwekea skrini, yaani anasimama njiani kumzuia mkabaji wa kijana huyo. Mkongwe yuko upande wa kushoto, ama kona kabisa ama ubavuni, miguu imeshaelekea kikapuni, mikono iko tayari kifuani. Kijana anaingia kati, ulinzi mzima unavutwa kulia, na yule anayemkaba mkongwe analazimika kusogea ndani kusaidia. Sasa mpira unavuka: kutoka kwa kijana hadi juu ya duara, kutoka juu hadi kwa mkongwe. Mkabaji anarudi mbio. Mtu anayekukimbilia hawezi kusimama na kugeuka kwa wakati mmoja, na hapo hatua ya kwanza iliyopungua inatosha tena. Mkongwe ana nusu sekunde ya kuchagua kati ya mambo matatu: atupe, adunde mara moja kuelekea upande ambao mkabaji anatokea, au atoe pasi kwa anayefuata. Kudunda mara ya pili kunaruhusiwa. Mara ya tatu shambulizi limekufa, kwa sababu ulinzi umeshajipanga na tumerudi palepale pa kusubiri basi.

Mahali pa pili pa kumweka ni kwenye pembe ya mstari wa mitupo huru. Pale, mita nne na nusu hivi kutoka kwenye ubao, mkongwe anaweza kuutazama uwanja wote bila kudunda hata mara moja. Apokee akiwa amegeuza mgongo nusu, ashike mpira juu ya kidevu, na wenzake wakate kupita pembeni yake mmoja baada ya mwingine. Macho aliyoyanoa kwa miaka kumi na tano ndiyo yanayofanya kazi pale, si magoti. Kosa la kawaida ni wenzake kukata kwa pamoja: wawili wakifika chini ya kikapu kwa wakati mmoja, wakabaji wao nao wanafika, na mlango unafungwa. Wa kwanza akate, apite mpaka kona ya upande wa pili, ndipo wa pili aondoke.

Mahali pa tatu panadharauliwa: mwekee mkongwe kazi ya kuweka skrini. Jina lake bado linatisha hata kama hatua zake hazitishi. Anayemkaba ameambiwa tangu asubuhi asimwache kamwe. Basi mkongwe akimwekea skrini mtupaji wa pointi tatu, mkabaji wake anasita kutoka kusaidia, na mtupaji anapata nafasi ya mita moja. Nyota wengi huona kazi hii ni ya vibarua. Wakishaona mara mbili tatu kwamba skrini zao zimezaa pointi, huanza kuiomba wenyewe.

Haya yote yanadai stadi ambayo baadhi ya nyota hawakuwahi kuihitaji: kupokea na kutupa papo hapo, bila kudunda kwanza. Aliyezoea kujitengenezea mtupo kwa kudunda hupata mdundo wake kwenye kudunda. Ukimnyima, miguu yake haijui ianze lini. Ndiyo maana Carmelo Anthony alipofika Oklahoma City msimu wa 2017-18 alionekana mgeni kwenye mikono yake mwenyewe: asilimia 40.4 ya mitupo, pointi 16.2 kwa mechi, na alipoulizwa kama angekubali kuanzia benchi alilichukulia swali kama utani. Mwaka uliofuata Houston waliachana naye baada ya mechi 10. Msimu wa 2020-21, akiwa Portland, alitoka benchi karibu mechi zote na akaingiza asilimia 40.9 ya mitupo ya pointi tatu. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni mahali mpira unapomkuta na kinachotakiwa kutokea ukishamkuta. Jason Kidd alikuwa na safari ndefu zaidi: msimu wake wa kwanza aliingiza asilimia 27 ya pointi tatu, alipochukua ubingwa na Dallas mwaka 2011 akiwa na miaka 38 alikuwa mmoja wa watu usiotaka kuwaacha wazi kona.

Mazoezi ya kujenga hilo si mengi. Dakika 15 kila siku, mitupo 100 ya kupokea na kutupa kutoka sehemu tano, na mpira utoke kwa mtu, usitoke kwenye mashine, maana pasi za mechi hazinyooki. Kisha tano kwa tano bila kudunda kabisa, pointi saba za kwanza. Wiki ya kwanza mkongwe atakasirika na vijana watapoteza mpira ovyo. Wiki ya tatu utaona wameanza kutembea wakiwa hawana mpira.

Kuhusu dakika za kucheza: katika mechi ya dakika 48, 28 hadi 30 zinatosha, katika mechi ya dakika 40, 22 hadi 25. San Antonio ya 2013-14 ndiyo shule ya somo hili. Hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 msimu wa kawaida, Tim Duncan akiwa na 29.2, na mwezi Juni wakaifunga Miami mechi nne kwa moja, wakiwapita kwa wastani wa pointi 14 kwa mechi. Duncan alikuwa na miaka 38. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Kawhi Leonard, miaka 22. Miaka miwili kabla ya hapo Duncan alikuwa amekubali mshahara upungue zaidi ya nusu, jambo lililowapa nafasi ya kuwatunza wale waliomzunguka.

Lakini idadi ya dakika si neno la mwisho. Muhimu zaidi ni dakika zipi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kipaji binafsi kizikwe kwa faida ya timu. Kisizikwe, kihamishwe. Mwanzishe mkongwe na kikosi cha kwanza, mtoe mapema, baada ya dakika tano au sita, kisha mrudishe mwanzoni mwa robo ya pili pamoja na wachezaji wa akiba. Kikosi cha akiba kwa kawaida hakina mtu wa kutengeneza mtupo saa inapokwisha, na wanaowakaba nao ni wa akiba. Pale, kucheza kwake mmoja kwa mmoja kuna thamani, kwa sababu mbadala ni kijana wa nane kutupa akiwa amefumba macho. Dhidi ya mkabaji wa akiba hata ile hatua iliyopungua huwa ndefu. Mkabaji wa pili anaanza kuja tena.

Manu Ginóbili wa San Antonio aliyafanya hayo hata kabla hajazeeka: mwaka 2008 alipewa tuzo ya mchezaji bora anayetoka benchi huku akiwa na wastani wa pointi 19.5, na dakika za mwisho za mechi ngumu alikuwa uwanjani. Allen Iverson ni upande wa pili wa sarafu. Novemba 2008 Denver walimpeleka Detroit na kumchukua Chauncey Billups. Denver walimaliza na ushindi 54 na kufika fainali ya kanda ya Magharibi. Detroit waliokuwa wameshinda mechi 59 msimu uliotangulia walishinda 39 na kutolewa raundi ya kwanza bila ushindi hata mmoja. Si haki kumbebesha Iverson yote hayo, timu ile ilikuwa inachakaa. Ila alipowekwa benchi alikataa waziwazi. Aliliona benchi kama hukumu, na ukweli ni kwamba mara nyingi huletwa kama hukumu: baada ya mechi mbaya, mbele ya waandishi, bila maelezo.

Kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya msimu, wawili tu, mlango umefungwa. Usianze na maneno, anza na picha: vipande kumi na viwili vya video, sita ambapo anacheza mmoja kwa mmoja na wenzake wamesimama, sita ambapo amepokea upande wa pili na kutoa ndani ya nusu sekunde. Kisimamishe kila kipande pale mkabaji wa pili anapoonekana, umwoneshe miguu ya mkabaji huyo iko wapi. Mchezaji wa kiwango hicho ataona mwenyewe. Amekuwa akisoma miguu ya watu maisha yake yote. Kisha mwambie nini kinabaki chake: shambulizi la mwisho la kila robo, michezo ya kurusha kutoka nje baada ya mapumziko ya kocha, dakika tano za mwisho mechi ikiwa ndani ya pointi sita. Ukimwambia unachomnyang'anya bila kumwambia unachomwachia, atakipigania chote.

Vijana nao waongeleshwe, maana nusu ya tatizo huwa ni lao. Mpira ukigoma, sekunde nane zimebaki, kijana anamtafuta mkongwe na kumkabidhi. Anaita heshima. Ni kumtupia mzee jiwe la moto, kisha akikosa, takwimu zinaandikwa kwake. Kanuni ninayoipenda: saa ikishuka chini ya saba, aliye na mpira anamalizia yeye au anaita skrini, haruhusiwi kumtafuta mzee kwa macho.

Kwenye ulinzi mambo ni mafupi lakini machungu. Wapinzani watamwinda. Watatafuta mtu anayekabwa na mkongwe, watamwita aje aweke skrini, mpaka mkongwe ajikute anamkaba mtu wao mwepesi kuliko wote. Dawa ya kwanza ni kubadilishana mapema: mwenzake achukue yule mweka skrini kabla hajafika, kwa sauti, si kwa ishara. Ya pili, mkongwe ajitokeze hatua mbili kuzuia njia, kisha arudi kwa mtu wake bila kubadilishana. Ya tatu ni ulinzi wa kanda, ambapo kila mtu analinda eneo badala ya mtu, naye akae chini, akisoma pasi. Kinachoua zaidi hata ya hayo ni kurudi nyuma baada ya kukosa. Mkongwe aliyetupa akianguka yuko chini, anamtazama mwamuzi, na wapinzani wanakimbia watano dhidi ya wanne. Ongeza safu ya tano kwenye daftari lako kwa ajili hiyo peke yake.

Sekunde za mwisho, kila mtu ukumbini anajua mpira unakwenda kwa nani. Kama mkabaji wa pili bado anakuja, hilo ni jambo jema. Fainali ya 1997, mechi ya sita dhidi ya Utah, Jordan wa miaka 34 alitarajia John Stockton wa Utah angeacha mtu wake kumjia, na alimwandaa mwenzake Steve Kerr kwa hilo kwenye mapumziko. Stockton akaja, Kerr akatupa, Chicago wakawa mabingwa. Miaka mitano baadaye, Washington, Jordan huyohuyo bado aliweza kufunga; Februari 2003 alifikisha pointi 43 akiwa na miaka 40. Misimu yote miwili aliyocheza pale timu ilimaliza na ushindi 37 na kupoteza 45, nje ya mtoano.

Na kama mkabaji wa pili haji tena, mpira uanzie kwa mwingine, hata katika sekunde hizo. Lakers walilifanya hilo msimu mzima wa 1986-87. Kareem Abdul-Jabbar, mchezaji bora wa fainali miaka miwili tu nyuma, alikuwa anaelekea miaka 40. Kocha Pat Riley akahamishia uzito wa mashambulizi kwa Magic Johnson. Wastani wa Kareem ukashuka hadi 17.5, wa Magic ukapanda hadi 23.9, timu ikashinda mechi 65. Juni 9, 1987, Boston, mechi ya nne ya fainali, Kareem akiwa kwenye mstari wa mitupo huru aliingiza wa kwanza na kukosa wa pili. Mpira ukawatoka Celtics, wenyeji wa Boston, nje. Lakers walikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde saba zimebaki. Magic alipokea upande wa kushoto, akaingia kati, na juu ya mikono ya Kevin McHale na Robert Parish wa Celtics akatupa kwa mkono mmoja ulionyooshwa juu ya kichwa, mtupo wa Kareem, ule ambao hauhitaji kuruka sana. 107 kwa 106.